YAH: KUKATIWA TV NIMELIPA, NA BWANANGU KUFANYWA KICHEKESHO AFISINI KWENU

Kwa meneja,

Salaam. Naandika kwa heshima, ingawa heshima yenyewe imebaki kidogo. Namba ya akaunti mnayo, meseji ya mpesa mnayo, masharti yenu mwayajua nyinyi mlioyaandika, sitazunguka. Nililipa kabla kifurushi cha zamani hakijaisha na bado dikoda ikaniandikia sijalipa, tena usiku wa kipindi cha mwisho cha mchezo wangu wa Kituruki.

Mimi ni mraibu wa TV, sifichi, Kisauni nzima yajua saa ya mchezo mlango haufunguliwi. Bwanangu, Mungu amueke, hana habari na hayo mambo lakini hukaa pale na kahawa yake ananiuliza "sasa huyu ndiye aliyemficha mtoto ama ni yule?" namueleza upya kila siku wala hachoki. Na msiniambie ningoje marudio. Kule Uturuki kipindi kimoja chapita saa 2, huku twaletewa kimekatwa vipande, ukikosa kimoja basi mtu amefungua mlango na hujui nyuma yake kuna nani.

Sasa kilichoniuma. Bwanangu aliibeba dikoda ameikunja ndani ya leso yangu isiingie vumbi, tukapanga laini mpaka miguu ikafa ganzi, kijana wenu wa kaunta akaitazama akasema, "Mumeleta mtoto kliniki?" Watu wakacheka. Nikamwambia nimelipa. Akanijibu, "Mama, TV ikizima si muongee na mzee, ama mmekosana?" Wakacheka tena.

Na kabla ya hapo nilikuwa nshapiga kastama kea mpaka kredit ikaisha, zima, washa, toa kadi, pangusa, rudisha, iache ijisomee, yote nimefanya. Nataka pesa ya siku zote skrini ilipokuwa nyeusi. Hilo tu.

La, si hilo tu. Huyo kijana alipouliza kama tumekosana hata macho hakuyatoa kwenye simu yake. Bwanangu mtu mzima, mvi kichwani, amesimama na leso mkononi, aulizwa mambo ya chumbani kwake mbele ya laini nzima, na yeye ndiye aliyesema "samahani mwanangu, tusaidie tu." Yeye! Yeye ndiye aliyeomba samahani! Tulipopanda matatu kurudi akaniambia usijali mpenzi, mwisho wake nitakutungia mimi, na akautunga kweli, wote wakaoana mpaka yule muuaji.

Kwa hiyo sasa nataka pesa yangu, na dikoda nyingine, na huyo kijana amuombe radhi bwanangu kwa mdomo wake, hapo hapo kaunta, watu wakiwepo. Mkinyamaza naenda Communications Authority, wanaosimamia kampuni za TV na simu, kanuni za kulinda wateja za 2010 zipo na mwazijua. Wakichelewa naenda koti ya madai madogo, wanasikiza mpaka shilingi milioni 1 wala sihitaji wakili, mdomo ninao, na kesi yatakiwa iishe ndani ya siku 60.

Bwanangu asema niwaachie Mungu. Siwaachii.

Barua ya radhi ije kwa jina lake, akaunti ni yake. Na hicho kipindi cha mwisho mkitafute mkirushe tena, jioni, si saa nne asubuhi watu wako kazini.

Mteja wenu, kwa sasa,
Kisauni, Mombasa