Madiwani ndio waliofunga shule Prince Edward

Mhariri,

Naandika kuhusu makala yenu juu ya Barbara Johns, msichana wa miaka 16 aliyeongoza mgomo wa wanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Moton, shule ya watoto Weusi, Kaunti ya Prince Edward, Virginia, Aprili 1951. Makala iliishia kwenye hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya 1954 dhidi ya ubaguzi wa rangi shuleni, iliyojumuisha kesi ya wanafunzi hao, kana kwamba kesho yake watoto waliketi darasa moja.

Haikuwa hivyo. Mwaka 1959 madiwani wa kaunti walikataa kutenga fedha za shule za umma, zikafungwa zote. Watoto wa Kizungu walifunguliwa shule ya binafsi, tena wazazi wao wakapata ruzuku. Watoto Weusi wengi walikaa nyumbani, wengine wakapelekwa kwa jamaa wa mbali. Shule zilifunguliwa 1964, baada ya Mahakama ya Juu kusema madiwani wanaweza kulazimishwa kutoza kodi ya kuziendesha. Miaka mitano ya utoto, na silaha ilikuwa bajeti tu!

Hadi leo bodi za shule Virginia hazina mamlaka ya kutoza kodi; katika kaunti, madiwani ndio wanaozitengea fedha. Basi wazazi wenzetu tunaoishi huku, wakiwemo wengi waliotoka Kongo, tusiishie kwenye mikutano ya walimu. Tuhudhurie na vikao vya wazi vya bajeti ya kaunti. Gazeti lenu litusaidie kwa kutangaza tarehe zake mapema, nazo kaunti ziweke wakalimani wa Kiswahili.

Msomaji wenu,
Richmond, Virginia