Mzee wa makaratasi naomba nisikilizwe

Mhariri naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua, baridi ya huku Mbeya imenibana nipo ndani nimejikunyata na kuna jambo linanikera.

Mimi nakusanya kadi za zamani za wachezaji, vile vikaratasi vigumu vyenye picha ya mchezaji, pamoja na stika za albamu za Kombe la Dunia za Panini, wale Waitaliano wa Modena walioanza na Mexico 1970. Mtaani wananiita mzee wa makaratasi, sawa tu. Shida ni tangu vijana wasome kwenye simu kwamba kadi ya Mickey Mantle, mcheza besiboli wa Marekani, ile ya kampuni ya Topps ya 1952, iliuzwa dola milioni 12.6 mwezi wa nane 2022, basi kila wiki nagongewa mlango, mzee nifundishe na mimi nipige hela. Nikisema kaa kwanza, hii kitu ni kusubiri, naona mtu anaangalia saa.

Hata hiyo ya Mantle hawajui ilikuwaje. Watoto wa kule walizipata kwenye paketi za jojo, wengine wakazichomeka kwenye spoku za baiskeli zilie trrr, mama akifanya usafi anatupa, na inasemekana zilizododa kampuni yenyewe ilienda kuzimwaga baharini. Sasa iliyobaki na kona zake nne kali utaipata wapi? Ile ya milioni 12 ilipewa alama 9.5 kati ya 10 kwa uzima wake, ilikuwa na miaka 70 na kama haijaguswa.

Mimi stika ya Maradona ya Mexico 86 nilianza kuisaka 2015. Nimepekua mitumba SIDO na Mwanjelwa mpaka wauza makoti wamenizoea, wakifungua belo wananiita nipitie mifuko ya ndani kabla hawajatundika, humo nimekuta tiketi za treni, pipi zimeyeyuka, hadi picha ya harusi ya watu, Maradona hakuna. Akaja kutokea 2021 Tunduma, dereva wa lori katoka nayo Zambia, tunapiga stori tu kwenye foleni ya mpakani wala sikuwa na mpango. Miaka 6! Nikarudi na Hiace nimeikumbatia kifuani kama kichanga, konda anadai nauli nashindwa kutoa mkono.

Sasa sikia. Mpwa wangu, mtoto mzuri tu hana neno, Krismasi akataka kunifurahisha, akaichukua kimya kimya akaipeleka steshenari ikapigwa lamineshen. Lile plastiki likishashika kwa moto ndio basi, ukibandua unachana. Kaniletea anatabasamu, anko sasa haiingii maji. Nikasema asante mwanangu, nikatoka nje nikakaa juu ya ndoo.

Kwa hiyo mwenye kadi au stika ya zamani nakuomba usipige lamineshen wala gundi, itie kwenye nailoni kisha kwenye kopo la biskuti pamoja na vile vipakti vya kukaushia vinavyokuja kwenye boksi la viatu, hasa nyie wa Tukuyu na Busokelo ambako mvua haina adabu, ukungu unakula karatasi kuliko panya. Na usikimbilie kuuza.

Ila kilichonifanya niandike hasa ni Tukuyu Stars, timu ya mpira inayoitwa pia Banyambala. Banyambala walichukua ubingwa wa Bara 1986, mwaka uleule wa Mexico, na wao albamu haikuwahusu, kwa hiyo naitafuta picha ya kikosi kile ya karatasi, iwe ya kalenda, ya gazeti au ya studio, hata ikiwa na doa la chai naichukua. Kuna mzee Katumba ananiambia anayo, ipo kwenye sanduku la marehemu kaka yake, sema ufunguo uko kwa shemeji yake Makambako. Nimeshaenda Makambako mara mbili, mara ya kwanza shemeji alikuwa msibani, ya pili kaenda shamba. Mwezi ujao naenda tena.

Msomaji wako,
Mbeya