Risala ya Wahitimu wa Stashahada ya Uuguzi na Ukunga kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo, wajumbe wa Bodi, wakufunzi wetu, wazazi na walezi, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima, na tunakushukuru wewe kwa kuacha majukumu yako mengi ukaja kwetu, tena kwa barabara ambayo tunaamini imekwisha kujieleza yenyewe njiani.

Chuo chetu kilianza na wanafunzi 34 na mkufunzi mmoja ambaye ndiye aliyekuwa pia mtunza stoo. Leo tunahitimu 148. Historia hiyo wageni rasmi waliokutangulia walisomewa kwa kirefu, hivyo tunaomba tuifupishe. Mafanikio yetu ni makubwa: tumepanda miti 60, ambayo mingi imeshika, tumepata mashine mpya ya kudurufu, na timu yetu ya netiboli ilinyakua nafasi ya tatu katika mashindano ya kanda, yaliyoshirikisha vyuo vinne.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, stashahada tunayopokea leo peke yake haituingizi wodini. Chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 ni lazima kwanza tusajiliwe na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na kabla ya leseni upo mtihani. Masharti ya mtihani huo ni makali, nasi tunayaunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu aliyenunua majibu ya hesabu za dawa ndiye atakayesimama saa nane za usiku na bomba la sindano mkononi, akiwa hana wa kumnong'oneza. Tunachoomba ni chumba cha kuyatimizia masharti hayo.

Hapa kwetu mitihani hufanyika bwaloni. Mabenchi ni yale yale ya kulia makande, watahiniwa wanne kwa benchi moja, bega kwa bega, na msimamizi hana pa kupita ila aombe njia. Shemeji wa jiko, ambaye hana kosa, huanza kuosha masufuria saa tano. Simu haziruhusiwi ndani, nasi tunakubali. Lakini hukusanywa mlangoni katika mabeseni mawili ya kufulia, na katika mtihani uliopita wa chuo zilirudi pungufu simu tatu. Wapo wanaoona heri kubaki na simu iliyozimwa mfukoni kuliko kuipoteza, na hao hao wakikaguliwa huandikwa kuwa wadanganyifu.

Mwenzetu mmoja, ambaye hatutamtaja, alijaziwa fomu ya udanganyifu baada ya feni kupeperusha karatasi ya jirani yake ikatua mbele yake. Alisafishwa, tunashukuru, lakini baada ya wiki saba, wakati wenzake wameshasonga mbele naye akiwa nyumbani anaulizwa na majirani aliiba nini.

Tusidhani jambo hili huishia kwa mtu mmoja. Mwaka 2006 nchini Ufilipino maswali ya mtihani wa leseni ya wauguzi yalivuja. Mtihani ulikuwa na karatasi tano na zilizoguswa ni mbili, lakini shaka iliwafunika wote waliofaulu, zaidi ya 17,000, wakiwamo waliokesha wakisoma. Mwaka uliofuata tume inayohakiki vyeti vya wauguzi wa kigeni nchini Marekani ilisema waliofaulu mwaka ule warudie karatasi hizo mbili kwanza, ndipo wapewe cheti cha kuombea viza. Sisi pia tunazo ndoto za mbali, Mheshimiwa, na kituo chenye sifa ya mashaka huwafuata wahitimu wake popote.

Mwaka 2019 mgeni rasmi wa mahafali aliweka hapa jiwe la msingi la ukumbi wa mitihani, akaahidi mifuko 300 ya saruji. Tulipokea 80, na tunaishukuru kila mmoja. Mwaka 2022 mgeni rasmi mwingine, baada ya kusomewa risala inayofanana sana na hii, aliahidi bati zote, akapigiwa vigelegele. Tulipofuatilia tuliambiwa tuandike barua, nasi tumekwisha kuandika nne. Kuta zimefika kwenye lenta kwa michango ya wazazi. Jiwe la msingi bado linasomeka vizuri sana, na mbuzi wa jirani ndio watahiniwa pekee ambao ukumbi ule umewahi kuwapokea.

Kwa unyenyekevu tunaomba bati 160, mbao za kenchi, meza na viti vya mtu mmoja mmoja 150, na kabati la chuma lenye visanduku vya kufuli kwa ajili ya simu. Iwapo vyote ni vizito kwa leo, tunaomba tuanze na kabati, kwa kuwa halihitaji paa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tukijua kwamba kumbukumbu za binadamu huchoka, tumeandaa daftari lenye safu tatu: kiasi, tarehe na saini. Katibu wetu atalileta mezani kwako kabla ya keki, na kalamu ameibeba.

Tunaomba kuwasilisha.