Wasomaji wa magazeti nao waliisukuma Ulaya

Mhariri,

Mwandishi wenu aliyedai kwamba amani ya Ulaya katika karne ya 19 ilikuwa mikononi mwa wafalme na mabalozi peke yao amewasahau wasomaji wa magazeti. Taarifa za William Howard Russell katika The Times, zilizoeleza jinsi askari wa Uingereza walivyoteketea kwa baridi na maradhi katika vita dhidi ya Urusi huko Crimea, zilichochea hasira iliyochangia kuiangusha serikali ya waziri mkuu wao, Aberdeen, mapema mwaka 1855. Mwaka 1870 Bismarck, waziri mkuu wa Prussia, dola ya Kijerumani, aliifupisha telegramu ya Ems, iliyoeleza mazungumzo ya mfalme wake na balozi wa Ufaransa, hata ikasomeka kama tusi, akaitoa magazetini, na kabla ya wiki kwisha Ufaransa ikatangaza vita.

Sisi wa Lamu tuna ushahidi wa karibu zaidi. Katika Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, ipo nyumba iliyokuwa posta ya Wajerumani tangu 1888. Wageni huupiga picha mlango wake, ni nadra kumsikia anayeuliza kwa nini ilifungwa 1891. Kwa mkataba wa Julai 1890, Ujerumani iliiachia Uingereza Witu, usultani wa bara karibu na Lamu uliokuwa chini ya ulinzi wake, ikapewa kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Watu wa Witu hawakuulizwa, wala wale wa Heligoland (katika hilo tulikuwa sawa). Waliopiga kelele ni wazalendo wa Kijerumani, walioona wamepunjwa, na ghadhabu yao ikazaa mwaka 1891 chama kilichokuja kuitwa Alldeutscher Verband (Umoja wa Wajerumani Wote), ambacho kwa miaka mingi kiliishinikiza serikali itafute makoloni na manowari zaidi.

Namwomba mwandishi, akiirudia mada hii, aanzie Witu.

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu