Barua ya wazi kwa Kamishna Jenerali wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya

Kwako Kamishna Jenerali,

YAH: FAMILIA ZIWEZESHWE KUJUA NA KULINGANISHA HUDUMA ZA TIBA YA URAIBU

Mheshimiwa, nakuandikia kutoka Temeke, nikiwa dada wa kijana aliyetumia unga, yaani heroini, kwa miaka mingi. Alianzaje, aliuza nini cha nyumbani, alilala wapi, sitaeleza. Habari za namna hiyo unazo tele mezani kwako. Nataka tuzungumzie siku ile ambayo mraibu mwenyewe anasema, "Dada, nimechoka, nipelekeni." Neno hilo familia hulingoja muda mrefu, na likishatoka halidumu. Arosto, yale mateso ya mwili kukosa dawa, ikimpanda jioni ile ile, anarudi maskani. Kwa hiyo tunabaki na saa chache za kuamua apelekwe wapi, na saa hizo tunazimalizia kwenye simu, tukimtafuta shangazi anayemjua mama mmoja ambaye mwanawe alipelekwa nyumba fulani huko Kigamboni, au Bunju, au Bagamoyo, akatoka amenenepa.

Kunenepa ndicho kipimo tulicho nacho. Wengi wakikaa bila unga wakapata chakula na usingizi, hunenepa. Hakisemi lolote kuhusu atakavyokuwa mwezi wa pili baada ya kurudi mtaani kwake.

Ombi langu ni moja. Mamlaka itoe orodha ya wazi, inayohuishwa kila mara, ya kila mahali panapotibu uraibu nchini, nayo iwe na maelezo ya kutosha kwa mzazi wa kawaida kulinganisha pale na pale. Najua majina ya kliniki na ya nyumba za upataji nafuu, tunazoziita soba, hutajwa kwenye vipeperushi na kwenye semina. Najua pia namba ya simu ya Mamlaka, 119, ipo, haina malipo, na watu wanaipiga. Lakini jina na namba ya simu vinamwambia mtu pa kwenda tu. Kama panamfaa mgonjwa wake, hilo analigundua akiwa ameshamwacha huko na ameshalipa.

Huduma zetu hazifanani hata kidogo, na hapo ndipo familia zinapoumia. Chukua methadoni, dawa ya kunywa anayopewa mraibu kliniki badala ya unga. Muhimbili ilifungua kliniki yake Februari 2011, na nchi yetu ikawa ya kwanza Afrika bara, kusini mwa Sahara, kutoa tiba hiyo kupitia hospitali ya umma. Ikafuata Mwananyamala, ikaja Temeke kwetu, na leo kuna kliniki Mbeya, Mwanza, Dodoma kule Itega, Tanga, Bagamoyo na kwingineko. Zanzibar wana Kidongo Chekundu. Hili ni jambo la kujivunia na mimi najivunia. Dawa haiuzwi. Mgonjwa anafika dirishani, anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, anakwenda zake, na hapo hapo kliniki anaweza kupimwa VVU na kifua kikuu na kuanzishiwa matibabu. Nimeona vijana wa mtaani kwetu waliokuwa wakiitwa mateja sasa wana vibanda vya kuuza chipsi.

Ila methadoni inatibu uraibu wa heroini na dawa za jamii yake. Haitibu pombe wala bangi, na mirungi haiigusi. Jambo hili kila mhudumu wa kliniki analijua, na karibu hakuna mzazi mtaani kwetu anayelijua. Nimekaa kwenye benchi na baba aliyepanda basi usiku kucha akimleta mwanawe mlevi wa gongo, kwa sababu aliambiwa "pale wanatoa dawa ya kuacha." Alirudishwa, kwa upole, na akaelekezwa idara nyingine. Mstari mmoja kwenye orodha ungemwokolea yule mzee nauli, na pia ungemwokolea ule moyo wa kijana wa kukubali kuja, ambao sidhani kama ulirudi tena.

Na kwenye pombe kuna hatari kubwa zaidi ambayo naomba isemwe kwa sauti. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka, akikatishwa pombe ghafla, anaweza kupata degedege, akaweweseka, akafa. Arosto ya unga inatesa vibaya, lakini kwa kawaida haiui mtu mzima mwenye afya ikiwa anapewa maji na uangalizi. Ya pombe inaua. Mlevi wa namna hiyo anahitaji hospitali siku zile za mwanzo, awe na daktari na dawa za kutuliza. Sasa fikiria, Mheshimiwa, nyumba yenye geti, vitanda vya deki, mpishi na msimamizi mwenye nia njema, inayompokea mlevi Ijumaa usiku bila kuuliza anakunywa kiasi gani. Wakati tunamtafutia mdogo wangu mahali, nilipiga simu nyumba kadhaa. Ni moja tu iliyouliza anatumia nini, tangu lini, na kama ana ugonjwa mwingine. Zilizobaki ziliuliza nani atalipa.

Sisemi haya kuzidharau soba. Nyingi zimeanzishwa na watu waliotumia wenyewe wakaacha, watu ambao arosto waliijua kwa miili yao, na mraibu akizungumza nao haoni aibu. Wanafuata hatua 12 za Narcotics Anonymous, umoja wa waraibu wanaosaidiana kuacha, wanaamka alfajiri, wanafanya usafi, wanakaa kikao, wanasimuliana. Kwa wengine huo utaratibu ndio uliowarudisha duniani. Lakini nyumba mbili zenye kibao cha aina moja barabarani zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa ndani. Moja ina makubaliano na kituo cha afya, muuguzi anapita, mshauri nasaha amesomea kazi yake, ndugu wanaruhusiwa kuja na mgonjwa anaruhusiwa kuondoka. Nyingine imewafungia watu, simu zimechukuliwa, ndugu wanaambiwa wasubiri miezi kabla ya kumwona, na aliyelalamika chakula anaitwa mkaidi. Mdogo wangu alikaa kwenye nyumba ya aina hii ya pili. Bei tuliyotajiwa kwenye simu haikuwa bei tuliyoikuta getini: kulikuwa na fomu, kulikuwa na godoro, kulikuwa na "dawa" ambazo hatukuonyeshwa wala kutajiwa jina. Sitaitaja nyumba hiyo hapa, kwa sababu shida yangu si nyumba moja. Shida ni kwamba hapakuwa na mahali popote ambapo ningeweza kusoma habari zake kabla ya kuingia.

Halafu kuna jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, nalo ni kinachotokea baada ya kutoka. Mtu aliyekaa miezi bila heroini mwili wake umeshasahau kuibeba. Akitoka akarudia kwa kiasi kile kile alichozoea zamani, anaweza kuzidisha na kufa siku hiyo hiyo. Siku za kwanza baada ya soba, kama zile za kwanza baada ya gereza, ni siku za hatari, na familia haziambiwi. Tunafanya sherehe, tunachinja kuku, tunamwacha aende kusalimia marafiki. Kwa hiyo mimi nikilinganisha nyumba mbili leo, swali langu la kwanza si idadi ya vitanda. Nauliza: akitoka, nani anamfuatilia? Mmemfundisha yeye na ndugu zake kuhusu kuzidisha dozi? Mmeshawaeleza kwamba kuna dawa ya kumwokoa aliyezidisha heroini, iitwayo naloksoni, na ni hospitali gani ya karibu inayo? Akishindwa kukaa bila dawa, mtampeleka kliniki ya methadoni au mtamfukuza kwa aibu?

Hilo la mwisho linawagawa sana watoa huduma wenyewe. Zipo nyumba zinazoamini kwamba anayekunywa methadoni bado anatumia, na hazimpokei. Zipo kliniki ambazo wagonjwa wake wangefaidika na nyumba tulivu ya kulala mbali na kijiwe, lakini hawana. Shirika la Afya Duniani liliiingiza methadoni kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005, kwa hiyo suala la kama ni tiba limeshajibiwa. Nyumba inayoendesha shughuli zake kwa kujizuia kabisa, bila hata methadoni, ina haki ya kufanya hivyo, lakini iseme wazi mlangoni ili mama asimwachishe mwanawe methadoni iliyomtuliza kwa sababu tu hakuelezwa.

Na wanawake, Mheshimiwa. Binti anayetumia anafichwa zaidi kuliko kijana wa kiume, na akitaka kuacha anakuta nyumba nyingi ni za wanaume. Anaulizwa watoto atawaacha na nani. Akiwa mjamzito ndiyo kabisa, kwa sababu kukatishwa heroini ghafla kunaweza kuhatarisha mimba, na tiba inayopendekezwa kwake ni methadoni chini ya daktari. Nani anamwambia hayo? Mara nyingi bibi yake anamfungia chumbani kwa mapenzi, akiamini anamwokoa yeye na kichanga. Orodha ninayoiomba ioneshe bayana ni wapi mwanamke anapokelewa, wapi analala mbali na wanaume, wapi anaweza kuja na mtoto. Kama maeneo hayo ni machache, uchache wenyewe utaonekana, na waziri wa fedha akiuliza pesa ziende wapi kutakuwa na jibu lililoandikwa.

Si lazima tubuni kila kitu upya. Jirani zetu wa Kenya, kupitia NACADA, mamlaka yao ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, huweka hadharani orodha ya vituo vya tiba vilivyoidhinishwa, na mzazi wa Mombasa anaweza kutazama kama jina la kituo alichoambiwa limo. Shirika la Afya Duniani pamoja na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu walitoa viwango vya kimataifa vya tiba ya uraibu, toleo lililorekebishwa likatoka 2020, na humo imeandikwa kwamba tiba iwe ya hiari, ya utu, na yenye ushahidi wa kufanya kazi. Sheria yetu ya mwaka 2015 iliyoianzisha Mamlaka haikukupa kazi ya kukamata peke yake. Kinga na tiba zimo pia. Wakaguzi wako wakienda kwenye nyumba hizi wanarudi na taarifa. Ninachoomba ni kwamba sehemu ya taarifa hizo inayomhusu mzazi imfikie mzazi: nyumba imesajiliwa au la na usajili unaisha lini, ilikaguliwa lini mara ya mwisho, inapokea uraibu wa nini, nani mwenye taaluma ya afya yumo na siku zipi, gharama yote kwa mwezi bila nyongeza za getini, ndugu wanaruhusiwa lini, mgonjwa akitaka kuondoka inakuwaje, na malalamiko yapelekwe wapi.

Nimesikia hofu za wanaoendesha nyumba kwamba kuwekwa wazi kutawaletea polisi au majirani wenye hasira. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu bado tuna mitaa ambayo haitaki soba karibu, na bado mraibu anayekwenda kliniki anaweza kukamatwa njiani na kete mfukoni. Kwa hiyo mtaa kamili wa nyumba si lazima uchapishwe. Wilaya inatosha, na maelekezo yatolewe kwa simu. Na tafadhali, polisi wa vituo vilivyo jirani na kliniki waelezwe kwamba foleni ya asubuhi ni ya wagonjwa. Wengine watasema nyumba nyingi hazitafikia viwango na zikitajwa zitafungwa, watu watarudi vijiweni. Nami naona bora zipewe muda na mafunzo, ziandikwe kwamba ziko kwenye matazamio, kuliko kuziacha zijitangaze zenyewe kwa mdomo.

Tovuti peke yake haitatufikia. Mama wa Tandika hana bando la kufungua kurasa. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye zahanati, ofisi ya mtendaji wa kata, msikitini, kanisani, na iwe mbele ya kila anayepokea simu ya 119, ili mtu akieleza kwamba mgonjwa wake ni wa kiume, ana miaka ishirini na kitu, anavuta unga na kunywa pombe kali, yuko Mbagala na familia haina zaidi ya kiasi fulani, ajibiwe kwa majina mawili au matatu yanayomfaa yeye, na aelezwe tofauti yake.

Mdogo wangu sasa anakunywa dozi yake kila asubuhi. Tulifika kliniki kwa kuelekezwa na kijana wa asasi moja aliyekuwa akipita vijiweni, na asingepita siku ile sijui tungekuwa wapi. Familia kama yetu ziko tayari kukaa na maofisa wako na kusema ni maswali gani tulitamani kuyapata yamejibiwa. Naomba ofisi yako itangaze kama kazi hii itafanyika, nani ataisimamia, na ianze mkoa gani. Dar es Salaam ingefaa kuanza, kwa sababu kliniki na soba nyingi ziko hapa, na tunaodanganywa nasi tuko wengi hapa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Dada wa mgonjwa,
Temeke, Dar es Salaam