Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi: Mwanangu ana kosa gani?

Yah: Sharti la "raia wa kuzaliwa" katika ajira za Jeshi la Polisi

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Katumba, mkoani Katavi. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana kwa sababu ilijaa hasira. Hii ya nne naiachia iende kama ilivyo.

Wiki chache zilizopita wezi walivunja nyumba ya bibi jirani yetu, wakaondoka na fedha za tumbaku na baiskeli ya mjukuu wake. Bibi huyo amepita miaka 80. Kiswahili anakijua, ila akishikwa na hofu kinamtoka Kirundi kitupu. Askari wawili walikuja usiku huohuo, watu wema kabisa, lakini hawakuambulia neno. Ikabidi aamshwe mwanangu. Alikaa nao tangu saa nane usiku mpaka kunakucha, akimtuliza bibi na kutafsiri, mpaka maelezo yakaandikwa sawasawa na bibi akaweka dole gumba. Asubuhi askari mkubwa alimshika bega akamwambia, "Kijana, wewe ungetufaa." Siku ile mwanangu hakula mchana. Alipekua sanduku akitafuta vyeti vyake.

Tangazo la ajira lilipotoka alikwenda mjini steshenari kulisoma. Elimu anayo. Umri unamruhusu, urefu pia. Mwili wake hauna alama ya kuchora hata moja. Alipofika kwenye sharti kwamba mwombaji awe raia wa kuzaliwa, na wazazi wake wote wawili wawe raia wa kuzaliwa, aliikunja ile karatasi akairudisha mfukoni. Alirudi nyumbani kwa miguu, nauli akiwa nayo. Aliponikuta shambani aliniuliza swali moja tu: "Baba, kwani mimi nilizaliwa wapi?"

Mheshimiwa, alizaliwa hapa hapa Katumba mwaka 2002, ila mimi nilikuwa bado mkimbizi, ndiyo maana hahesabiwi raia wa kuzaliwa. Mimi ndiye niliyezaliwa Burundi. Mwaka 1972, watu wetu walipokuwa wanauawa, mama yangu alivuka mpaka nikiwa mgongoni mwake, nina miaka 3. Tulipokelewa Kigoma, kisha tukaletwa huku kulikokuwa pori. Kwanza ilifunguliwa Ulyankulu, ikafuata Katumba, baadaye Mishamo. Tulipewa ardhi na majembe, na ndani ya miaka michache tulikuwa tunajilisha wenyewe na kuuza ziada. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen kwa namna nchi hii ilivyowapokea wakimbizi. Wazee wetu waliisikia habari hiyo redioni, na wengine walilia.

Mwaka 2007 Serikali ilituuliza: mnarudi au mnabaki? Wengi tulisema tunabaki. Tuliukana uraia wa Burundi. Tulisubiri miaka tukiwa hatuna huku wala kule, mpaka Oktoba 2014 Rais Kikwete alipoanza kukabidhi vyeti kwa watu zaidi ya 162,000. Changu kiko ndani ya nailoni, kimefungwa na kitambaa, juu ya dari mahali panya hawafiki. Tuliambiwa kuanzia siku ile sisi ni Watanzania. Hatukuambiwa kwamba kuna kazi watoto wetu wasiziguse. Tungeambiwa, bado tungebaki, maana hatuna kwingine. Lakini tungewaeleza watoto mapema.

Mwanangu alimaliza kidato cha sita mwaka 2022, akaitwa Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria. Hakuna aliyeuliza wazazi wake walizaliwa wapi. Alikwenda Milundikwa, akakimbia mchakamchaka, akafundishwa kushika silaha ya nchi hii, akala kiapo cha utii chini ya bendera. Alirudi amekonda, na anaimba nyimbo za jeshi mpaka wadogo zake wakazishika. Kama ni wa kuaminiwa na bunduki kambini, ni kipi kinachomtoa kwenye foleni ya polisi?

Nimeisoma Katiba, Mheshimiwa. Ibara ya 22 inasema kila raia anastahili fursa na haki sawa ya kushika nafasi ya kazi iliyo chini ya Mamlaka ya Nchi. Ibara ya 13 inapokataza ubaguzi inataja utaifa, kabila, hata pahala mtu alipotokea. Pale Katiba ilipotaka raia wa kuzaliwa, ilitamka wazi: kwenye sifa za Rais. Kwa mbunge imesema raia tu. Na mawaziri hutoka miongoni mwa wabunge. Kwa hiyo mwanangu anaweza siku moja kukaa kwenye kiti chako akaliongoza Jeshi zima la Polisi, lakini hawezi kuwa konstebo ndani yake. Nimelirudia jambo hili kichwani usiku mwingi na bado silielewi.

Nadhani sababu ni usalama. Sijaambiwa na mtu, nakisia. Kama ni hivyo, si kuna upekuzi? Mpekueni. Waulizeni mwenyekiti wa kijiji, walimu wake, makamanda wake wa JKT. Akikutwa na doa mkataeni kwa doa lake. Binamu yangu aliyechukuliwa kutoka kambi za Kigoma kwenda Marekani anaishi jimbo la Illinois. Ananiambia kule tangu Januari 2024 sheria inamruhusu hata asiye raia kuwa askari, mradi ana haki ya kufanya kazi na sheria za shirikisho zinamruhusu kumiliki silaha. Siombi tufike huko. Mwanangu ni raia.

Na kinachonikosesha usingizi zaidi ni hili la wazazi. Mjukuu wangu amezaliwa juzi, na baba na mama yake ni raia kwa cheti cha mwaka 2014. Yeye ni raia wa kuzaliwa bila ubishi wowote. Lakini kwa sharti hili naye hataingia, kwa sababu ya wazazi wake, kwa sababu yangu, kwa sababu ya mgongo wa mama yangu mwaka 1972. Tutaacha lini kuwa wakimbizi, Mheshimiwa?

Nilitaka kukuomba mambo mengi: mabaraza ya kutusikiliza, maelezo ya maandishi, askari wanaojua Kirundi katika vituo vya huku. Yote nayaacha. Naomba moja. Futa maneno "wa kuzaliwa" kwenye tangazo, yabaki "raia". Na kama hilo ni zito kwa sasa, basi futa lile la wazazi, angalau mjukuu wangu apone.

Mwanangu ana miaka 23. Vyeti vyake hajavirudisha sandukuni, viko mezani. Dirisha la maombi halijafungwa.

Wako mtiifu,
Mkulima wa tumbaku, raia wa Tanzania
Katumba, Katavi