Mabibo yakiisha, tuuziwe bia iliyokaa kivulini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo wanywaji wa Newala, Tandahimba na Masasi hulijadili kila mwaka mabibo, yale matunda ya mkorosho, yanapokwisha, nalo ni bia gani ya dukani inayofaa kushika nafasi ya uraka, pombe yetu ya mabibo. Natambua kwamba wasomaji wengi wa pwani yetu, kuanzia Kilwa hadi Msimbati, hawagusi kileo cha aina yoyote, na baadhi ya majirani zangu ninaoheshimiana nao sana ni miongoni mwao. Hao nawaomba wanivumilie kwa safu hizi chache.

Asiyeujua uraka inafaa aelezwe kwanza, kwa sababu hoja yangu yote imesimama juu yake. Korosho ikishang'olewa, bibo lililobaki halingoji mtu: likilala chini siku moja tu huanza kuharibika, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mabibo huozea chini ya mikorosho hata katika miaka ambayo korosho zenyewe zinagombewa mnadani. Yale yanayookolewa huokotwa asubuhi, hupondwa, hukamuliwa kwa kitambaa safi, na maji yake huachwa ndani ya mtungi au ndoo yenye kifuniko. Hakuna anayetia hamira, kwa kuwa hamira ya asili imekwisha kukaa kwenye ngozi ya tunda. Jioni ya siku hiyo uraka huwa mtamu wenye povu kidogo. Kesho yake utamu umepungua na ukali umeanza kuonekana. Siku ya tatu uchachu umetawala, na hapo wazee hukunja uso lakini hawaweki kata chini. Nyumbani kwangu mtengenezaji ni mke wangu, nami kazi yangu ni kuokota na kukamua tu, kwa hiyo hukumu zangu ni za mnywaji wala si za fundi.

Kuanzia Oktoba hadi Januari, basi, hatuna shida. Shida huanza Februari, mtungi unapooshwa na kufunikwa kifudifudi, na kiu ikabaki pale pale. Nimewaona watu wazima wakiamua vibaya katika kipindi hiki. Wapo wanaohamia kwenye nipa, ile gongo ya mabibo, ambayo baadhi ya watengenezaji huipika hata nje ya msimu kwa kuloweka mabibo yaliyokaushwa. Kupika na kuuza kinywaji hicho ni kosa kisheria, na zaidi ya sheria, hakuna chupa ya nipa inayomwambia mnywaji ukali wake ni kiasi gani. Wengine zamani walikimbilia viroba, ile pombe kali ya vifuko vidogo, hadi vilipopigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017 kwa tangazo la Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, ambaye ni mtu wetu wa Ruangwa na bila shaka aliyajua madhara yake bila kusimuliwa. Makosa ya makundi haya mawili ni ya aina moja: wamedhani kwamba walichokikosa ni ukali. Mtu aliyekuwa akinywa uraka kivulini saa kumi alasiri, akizungumza na wenzake mpaka jua linazama, akarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, hakukosa ukali. Alichokosa ni wepesi, uchachu, na ule ukakasi unaoukausha ulimi na kumfanya atamani funda jingine. Bia ya dukani ichaguliwe kwa vipimo hivyo.

Kwa wepesi, chaguo langu la kwanza ni Kilimanjaro, ambayo ina kileo cha asilimia 4.5 na haimwelemei mtu aliyetoka kupalilia. Castle Lite, yenye asilimia 4, ni nyepesi zaidi, nami huwapendekezea wale wanaotaka kunywa mbili na bado waamke mapema, ingawa kwa ulimi wangu inapita haraka mno bila kuacha habari. Tusker, yenye asilimia 4.2, naiweka karibu sana na Kilimanjaro. Bia hiyo ilianza Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1920, na jina lake ni la ndovu aliyemuua mmoja wa waanzilishi wa kiwanda, George Hurst, mwaka 1923. Rafiki yangu wa Mikindani, ambaye anagemewa mnazi wake mwenyewe, hupenda kutania kwamba yeye hanywi tembo wa Nairobi kwa kuwa tembo lake, yaani pombe ya mnazi, halijawahi kuua mtu. Namwonea wivu kidogo, maana mnazi hutoa mwaka mzima na msimu wake wa ukame wa koo haupo kama wetu huku juu.

Safari ni jambo jingine. Ina asilimia 5.5, ina mwili na utamu wa kimea unaosikika, na mbele ya nyama ya mbuzi iliyochomwa sijaona bia ya kuishinda. Lakini haichukui nafasi ya uraka. Inachukua nafasi ya chakula cha usiku. Kuhusu bia nyeusi ya Guinness, ambayo kwetu huuzwa ikiwa na asilimia 6.5, nitasema tu kwamba wanaoinywa kwa kuamini inaongeza damu wangefanya vizuri zaidi kula matembele na dagaa.

Uchachu ndio mgumu kupatikana. Hakuna hata moja kati ya bia nilizozitaja iliyo na uchachu, kwa sababu bia ya chupa huchachushwa kwa hamira iliyochaguliwa, ikachujwa, ikatiwa joto la kuua vijidudu, na baada ya hapo haibadiliki tena kwa namna uraka unavyobadilika kutoka siku hadi siku. Anayetaka kinywaji kilicho hai atafute Chibuku pale inapofika, kwa kuwa hiyo, iliyotokana na mahindi na mtama, huendelea kuchachuka ndani ya boksi lake na ladha ya leo si ya kesho kutwa. Wenzetu wa Masasi na Nachingwea waliokulia kwenye pombe ya mtama huielewa mara moja. Mimi, niliyekulia kwenye mabibo, uzito wake hunishinda, na njia niliyoiona inafaa ni kuutafuta uchachu nje ya glasi: embe bichi lililokatwa vipande na kutiwa chumvi na pilipili, na maembe yakiisha, ukwaju. Funda la Kilimanjaro ya baridi baada ya kipande cha embe bichi hunisogeza karibu na uraka wa siku ya pili kuliko kitu chochote ninachoweza kununua. Ukakasi nao haupo, lakini uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia, hufanya kazi inayofanana, yaani hukata utamu na kuusafisha ulimi. Mtu akiwa na ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha mkononi, atauona uchungu huo umekaa mahali pake.

Sasa nifike kwenye jambo lililonisukuma kuandika, Mhariri, kwa sababu yote niliyoyasema hapo juu hayana maana iwapo bia yenyewe imeharibika kabla ya kufunguliwa. Mwezi uliopita nilinunua chupa mbili za bia moja, ya chupa ya kijani, kwenye duka ambalo kreti zake hupangwa barazani upande wa magharibi, mahali ambapo jua la alasiri hupiga bila kizuizi. Ya kwanza ilitoka kwenye friji ndani, ya pili ilitoka barazani, nami nikaipoza nyumbani ili zote mbili ziwe na ubaridi mmoja. Nilimpa mke wangu azinuse bila kumwambia lolote. Ile ya friji aliikubali. Ile ya barazani aliirudisha mezani na kuuliza kama kuna kicheche aliyepita chini ya dirisha.

Hakukosea, kwani jambo hili lina sababu inayofahamika. Hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu wake, hubadilika yanapopigwa na mwanga wa jua, na kinachozaliwa ni harufu ya namna ile ile ya mnyama anayejihami kwa uvundo. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga unaoleta madhara hayo. Chupa ya kijani huzuia kidogo sana. Na chupa nyeupe inayoonyesha kila kitu ni kama haipo. Kopo halipitishi mwanga kabisa. Lakini hata chupa ya kahawia na kopo haviwezi kuzuia joto, na bia iliyopikwa na joto la barazani kwa majuma kadhaa hupoteza uchangamfu wake na kuanza kuonja kama boksi lililolowa. Kuitia kwenye friji baadaye hakurudishi kilichopotea. Uraka uliokaa juani mke wangu humwaga bila kusita. Sijui ni kwa nini kinywaji chenye bei kubwa zaidi tunakitendea kama mawe ya kujengea.

Nadhani uzembe huu umerithiwa kutoka nyakati za shida. Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka miaka ya 1980, wakati ambapo bia yenyewe ilikuwa bahati, na mtu asiye na chupa tupu za kubadilisha hakupewa iliyojaa hata kama fedha anazo. Wanakumbuka pia jinsi masika yalivyotukata na Dar es Salaam, magari yakisubiri kivuko cha Rufiji kwa siku nyingi pamoja na shehena zake, hadi Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lilipofunguliwa mwaka 2003. Na hata baada ya hapo kile kipande cha kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga kiliendelea kututesa kwa tope kwa miaka kadhaa. Bia iliyofika baada ya safari ya aina hiyo ilinywewa bila maswali. Umeme nao ulikuwa wa kubahatisha, kabla gesi ya Mnazi Bay haijaanza kuuzalisha Mtwara, na ndipo wengi wetu tulipojifunza kunywa bia ya moto na kuisifia. Bado wapo wazee wanaoulizwa "baridi au moto?" wakajibu "moto" kwa fahari, na siwalaumu, kwa kuwa Safari ya moto ina utamu wake. Hata hivyo bia ya moto iliyotoka stoo yenye giza na bia ya moto iliyotoka juani ni vitu viwili tofauti, na mnywaji ana haki ya kujua anapewa ipi.

Ninachowaomba wenye maduka na baa zetu hakihitaji mtaji. Kreti zihamishiwe ndani, au angalau zifunikwe kwa turubai na kuwekwa upande ambao jua halifiki alasiri. Mzigo uliotangulia uuzwe kwanza, badala ya kreti mpya kupangwa juu ya zile za zamani hadi za chini zikasahauliwa. Mteja anapoomba kuisoma tarehe kwenye chupa kabla haijafunguliwa, asitazamwe kama mtu anayetafuta ugomvi. Kwa wateja wenzangu, ombi langu ni moja: tuache kupokea chupa kutoka barazani eti kwa sababu friji imejaa soda, kwani muuzaji akiona tunapokea hatakuwa na sababu ya kuinua kreti hata moja.

Tangu siku ile nimebadilisha duka. Ninaponunua sasa kuna mama ambaye huhifadhi bia zake kwenye chumba cha nyuma kisicho na dirisha, na nilipomuuliza alifundishwa na nani, alinijibu kwamba humo ndimo alimokuwa akiweka uraka.

Wako,
Karani mstaafu wa ghala,
Newala, Mtwara